Rimu kubwa kwenye haibridi: piga hesabu ya mafuta kabla hujalipa

Somo la leo ni la ninyi mnaouza mtandaoni na kupeleka mizigo wenyewe kwa gari dogo la haibridi: Aqua, Prius, Fit, Fielder na ndugu zao. Linawahusu pia wenzangu tunaoposti rimu na tairi Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mimi nauza tairi na rimu. Niko Shinyanga mjini, ila wateja wangu wengi wako Kahama, Kakola, Katoro na Geita. Kwa hiyo jua mapema kuwa haya ninayosema hayanisaidii kuuza rimu. Swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni hili: "Kaka, nikifunga rimu kubwa, gari litaanza kunywa mafuta?"

Jibu fupi: ndiyo, litakunywa zaidi. Jibu refu ni "kiasi gani", na hicho kiasi ndicho kitakachokuambia ufunge au uache. Twende taratibu.

*KWANZA: "KUBWA" YA AINA GANI?*

Watu wanasema "rimu kubwa" wakiwa na maana mbili tofauti kabisa.

Aina ya kwanza ni rimu pana na ndefu, tairi jembamba. Umetoka inchi 15 ukaenda 17. Gari linapendeza, na gurudumu zima linabaki karibu kimo kile kile, maana mpira umepungua. Hii ni ya urembo.

Aina ya pili ni rimu ile ile, tairi nene. Huyu anataka kunyanyua gari kwa sababu ya barabara. Ukienda Nyarugusu au Rwamgasa kupeleka mzigo kwa wachimbaji, unajua kwa nini mtu anatamani gari lake liende juu kidogo.

Sasa soma namba ubavuni mwa tairi lako. Aqua nyingi zinakuja na 175/65R15. Maana yake: upana milimita 175, kimo cha mpira ni asilimia 65 ya huo upana, na rimu ni inchi 15. Ukipiga hesabu, gurudumu zima lina kimo cha milimita 608 na nusu hivi. Ukifunga 205/45R17 ya urembo, unapata kama milimita 616. Karibu sawa. Lakini ukifunga 195/65R15 ya kunyanyulia, unapata kama milimita 634. Hapo umeongeza milimita 26.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawakuambii. Hizo milimita 26 ni kipenyo kizima. Gari linanyanyuka nusu yake tu, yaani milimita 13. Hiyo ni kama unene wa kidole kimoja cha mkono. Ndicho unachopata, na mafuta utayalipia kila siku. Halafu kwenye Aqua yenye mzigo, tairi hilo linaweza kusugua plastiki za ndani ya bodi ukikata kona kali.

*PILI: WALIOPIMA WALIPATA NINI?*

Nina mifano miwili ya uhakika.

Mwaka 2010 jarida la magari la Marekani, Car and Driver, lilichukua Volkswagen Golf moja likaivalisha rimu tofauti kuanzia inchi 15 hadi 19. Gari ni lile lile, injini ni ile ile. Kutoka 15 kwenda 19, umbali kwa lita ulishuka kwa karibu asilimia 10, na gari likawa zito kuondoka.

Golf ile si haibridi. Kwa haibridi angalia Toyota Prius ya mwaka 2023, kwa vipimo rasmi vya EPA, shirika la mazingira la Marekani. Prius ya daraja la LE inakuja na rimu za inchi 17. Ya daraja la XLE ina rimu za inchi 19. Injini moja, mfumo mmoja wa haibridi, na hata upana wa tairi ni ule ule, milimita 195. Ukibadilisha vipimo vyao kuwa vya kwetu, LE inakwenda kama kilometa 24.2 kwa lita na XLE kama 22.1. Kwa kila kilometa 1,000, yenye rimu kubwa inaongeza karibu lita 4. Hiyo ni kama asilimia 10 ya mafuta zaidi. Tuseme ukweli wote: XLE ina vikorokoro zaidi, kwa hiyo ni nzito kidogo, na si tofauti yote inatoka kwenye rimu. Ila rimu na tairi ndizo zinazobeba sehemu kubwa.

Na hiyo imetengenezwa na Toyota wenyewe, wahandisi wamekaa mezani wakachagua tairi la kufaa. Sisi tunachagua kwa macho.

*TATU: MAFUTA YANAPOTELEA WAPI?*

Yanapotea kwa njia nne.

1. Uzito unaozunguka. Mzigo uliopo kwenye buti unasukumwa mbele tu. Uzito ulio kwenye gurudumu unasukumwa mbele na pia unazungushwa. Kilo moja iliyo pembeni kabisa ya tairi inadai nguvu karibu mara mbili ya kilo iliyo kwenye buti kila unapoondoka. Ukiwa unasimama kila kona ya mji kugawa vifurushi, unalipa hiyo mara nyingi kwa siku.

2. Tairi kujikunja. Kila sehemu ya tairi ikigusa chini inabonyea, ikiachia inarudi. Kule kubonyea kunakula nguvu na kutoa joto. Ukitoka Shinyanga ukafika Kahama, shika tairi lako uone lilivyo na moto. Lile joto ni mafuta uliyoyalipia sheli. Haibridi nyingi zinatoka kiwandani na tairi maalumu zinazopunguza hilo. Tairi za Japani huwa na lebo ya daraja, kuanzia AAA ambayo ni nyepesi kuviringika, mpaka C. Ukifunga tairi pana la bei chee lisilo na daraja lolote, umetupa faida uliyonunulia gari. Ripoti ya watafiti wa Marekani ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba ukipunguza huo ugumu wa kuviringika kwa asilimia 10, unaokoa asilimia 1 hadi 2 ya mafuta. Kinyume chake pia ni kweli.

3. Upepo. Tairi pana na rimu yenye mikono wazi vinachota hewa njiani. Zile kava za plastiki kwenye rimu za Prius, ambazo watu wanazing'oa kwa kuona zinaharibu sura, ziliwekwa ili upepo upite vizuri. Mjini huoni tofauti. Kwenye lami ndefu ukiwa na spidi 80 unaiona.

4. Kimo cha gurudumu. Gurudumu refu ni kama baiskeli yenye gia ngumu. Mpanda baiskeli wa Shinyanga aliyebeba magunia anakuelewa bila maelezo: kuondoka ndiko kunakouma.

*NNE: KWA NINI HAIBRIDI INAUMIA ZAIDI?*

Wengi wanasema, "Haibridi ina umeme, hiyo nguvu itarudi kwenye betri nikikanyaga breki." Kuna ukweli nusu hapo. Sehemu ya nguvu uliyotumia kuzungusha gurudumu zito inarudi ukipunguza mwendo. Sehemu tu, siyo yote. Lakini nguvu iliyopotelea kwenye joto la tairi na kwenye upepo hairudi hata tone. Breki haiwezi kurudisha joto la tairi.

Jambo la pili ni betri yenyewe. Betri kubwa ya Aqua, ile iliyo chini ya kiti cha nyuma, haifikishi hata yuniti moja ya LUKU ikiwa imejaa. Ni betri ndogo ya kupokezana na injini. Haikuwekwa ikuendeshee siku nzima. Gurudumu likiwa zito, mota ya umeme inatumia nguvu zaidi kuondoa gari, betri inashuka mapema, injini inawaka mapema. Zile mita mia kadhaa ulizokuwa unatambaa kimya sokoni bila injini zinapungua.

La tatu ni la hesabu. Gari la kawaida linapoteza mafuta mengi likiwa limesimama linaunguruma. Haibridi imeshaondoa huo upotevu, kwa hiyo mafuta yake mengi yanakwenda kwenye kusukuma gari lenyewe. Ukiongeza uzito wa kusukuma, unaonekana moja kwa moja. Gari linalonusa mafuta ndilo linaloonyesha haraka likianza kunywa.

*TANO: MTEGO WA DASHIBODI*

Mteja wangu mmoja wa Katoro, dada anayeuza vitenge na vipodozi mtandaoni, alinipigia akilalamika. Mzigo anaufuata Mwanza mwenyewe siku hizi, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Gari ni Aqua. Alifunga 195/65R15 kwenye gereji moja ili linyanyuke. Zamani alikuwa anapata kilometa 20 kwa lita. Sasa anapata 18. "Kaka, nimepoteza asilimia 10!"

Nikamwambia, dada, subiri kwanza. Gari linahesabu kilometa kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Halijui kama umebadilisha tairi. Gurudumu lake jipya ni refu kwa asilimia 4 na kidogo, kwa hiyo dashibodi ikisema kilometa 100, ukweli ametembea 104. Ile 18 yake kwa kweli ni kama 18.8.

Nikamwuliza upepo. Akapima: 26 kwenye tairi zote, wakati zilitakiwa 33. Serikali ya Marekani kwenye ushauri wake kwa madereva inasema kila psi 1 inayopungua inakula kama asilimia 0.2 ya mafuta. Psi 7 ni asilimia 1.4. Akijaza vizuri anakaribia 19.

Kilichobaki, kutoka 19 mpaka 20, ni asilimia 5 hivi ya mafuta zaidi. Hiyo ndiyo bei halisi ya tairi nene. Ipo, inauma, ila ni nusu ya aliyoiogopa. Yeye ndiye aliyeamua: barabara zake ni za vumbi na mawe, akabaki nazo. Uamuzi wake una akili kwa sababu anajua analipa nini.

Mtego huu una upande wa pili. Ukitoza wateja kwa kilometa za dashibodi, na gurudumu lako ni refu, unawapunguzia bei bila kujua. Tumia umbali wa ramani ya simu. Na kwenye vijiji vya spidi 50, kumbuka gari sasa linakwenda kasi kidogo kuliko mshale unavyosoma. Tochi ya trafiki haiangalii mshale wako.

*SITA: SASA TUONGEE PESA*

Tuseme wewe ni muuzaji wa Kahama, unatembea kilometa 1,500 kwa mwezi kugawa na kufuata mizigo. Gari linakwenda 20 kwa lita. Petroli tuiweke Sh 3,000 kwa urahisi wa hesabu. Wewe weka bei ya EWURA ya mwezi wako.

Bila rimu kubwa: lita 75, Sh 225,000.
Ikiongezeka asilimia 5: Sh 236,250. Ziada Sh 11,250 kwa mwezi.
Ikiongezeka asilimia 10: Sh 247,500. Ziada Sh 22,500 kwa mwezi.

Kwa mwaka, asilimia 10 ni Sh 270,000. Kama faida yako kwa kifurushi kimoja ni Sh 3,000, hivyo ni vifurushi 90. Yaani vifurushi 90 umevitafutia picha, umejibu inboksi usiku, umevifunga, umevipeleka, na faida yake yote imeishia kwenye rimu. Hapo hujagusa bei ya rimu zenyewe. Na tairi jembamba likiingia shimo kwenye barabara ya machimbo, linapasuka ubavu au rimu inapinda. Ubavu ukichanika hauzibwi kama pancha, unanunua tairi lingine.

Sisemi usipendezeshe gari. Duara likitema, furahi na pesa yako. Ila kama gari ni la kazi, rimu iingie kwenye daftari la matumizi kama kodi ya fremu na bando.

*SABA: KABLA HUJALAUMU RIMU, PIMA*

✅ Upepo kwanza. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi. Magari ya Japani yanaandika kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi: 220 ni kama 32, 230 ni kama 33, 240 ni kama 35. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Usikubali ile ya "weka thelathini tu."

✅ Njia ya hewa ya betri. Kwenye Aqua iko ubavuni mwa kiti cha nyuma, chini. Wauza nguo mnaongoza kwa kuiziba na maroba. Betri ikikosa hewa inapata joto, na mfumo unaipunguzia kazi. Ondoa mzigo hapo, na vumbi lisafishwe.

✅ Pima kwa kujaza tenki. Jaza mpaka bomba lijikate lenyewe, rudisha tripu kwenye sifuri, fanya kazi zako kama kawaida angalau kilometa 300. Rudi sheli ile ile, jaza mpaka likate. Gawanya kilometa kwa lita ulizoongeza. Fanya mara tatu kabla ya kubadilisha tairi, na mara tatu baada. Kama kimo cha gurudumu kimebadilika, sahihisha kilometa kama tulivyofanya hapo juu.

✅ Pima uzito. Mizani ya mchele imejaa Kahama. Weka gurudumu lako la zamani zima, andika kilo. Weka jipya, andika. Kama jipya ni jepesi au sawa, na upana haujaongezeka sana, hasara yako itakuwa ndogo. Ukikuta limezidi kilo nne au tano, zidisha mara nne, halafu ufikirie tena.

*NANE: KWA WENZANGU TUNAOUZA RIMU*

Mteja wa haibridi akija, mwulize mambo matatu kabla hujamtumia namba ya malipo: gari ni la kazi au la kutembelea? Barabara zake ni lami au vumbi? Tairi la sasa ni namba gani?

Kwenye posti yako andika inchi, upana, mpangilio wa matundu (Aqua ni 4x100) na uzito wa rimu kwa kilo. Ukiandika uzito, mteja makini atakuona tofauti na wengine. Halafu mwambie kabisa: "Tegemea mafuta kuongezeka kidogo, hasa ukienda inchi mbili juu." Nimepoteza oda kwa sentensi hiyo, sitadanganya. Lakini aliyenunua akiijua harudi kudai pesa yake, wala hakuchafui kwenye grupu la watu 250. Na wale niliowaambia waache rimu, wengi wamerudi kununua tairi za kawaida. Ukanda huu tunajuana wote.

*KWA UFUPI*

Gari la kazi linalokula lami na vifurushi kila siku: baki na kipimo cha kiwandani, chagua tairi jepesi kuviringika, upepo uwe sahihi. Unataka kunyanyua: jua unapata milimita 13 na unalipa mafuta, halafu uamue. Unataka urembo: panda inchi moja tu, tafuta rimu nyepesi, usiongeze upana sana.

Wiki hii fanya kitu kimoja: pima upepo kesho asubuhi kabla hujatoka. Halafu niandikie hapa chini namba ya tairi lako na kilometa unazopata kwa lita, tulinganishe. Mtumie na mwenzako aliyeweka picha ya rimu za inchi 17 kwenye stetasi.

Biashara njema.